Uzi: Ibara ya 46A hatua kwa hatua, na kwa nini kadi ya chama ina nguvu kuliko theluthi mbili

Mzee wa Kaloleni (Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Tangu jirani zetu wa ng'ambo ya Namanga wamng'oe Naibu Rais wao Oktoba 2024, kila kijiwe cha kahawa kuanzia Kilombero mpaka Mbauda swali ni lile lile: wenzetu wamemaliza kwa siku 17, je, Katiba yetu inasemaje? Wengi wanajibu kwa mkato kwamba Rais wa Tanzania hashtakiwi. Si kweli. Asichoweza kufanyiwa akiwa madarakani ni kushtakiwa mahakamani kwa jinai, na hiyo ni ibara ya 46. Bungeni anashtakiwa, na utaratibu upo kwenye ibara ya 46A tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1992, mwaka ule ule wa kurudi vyama vingi. Nauweka hapa kwa mfuatano wa matukio ili mtu aone unavyokwenda.

Sababu ziko tatu. Rais awe ametenda mambo ambayo kwa ujumla yanavunja Katiba au Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Au awe amekiuka yale maadili ya uandikishwaji wa vyama yaliyo kwenye ibara ya 20(2), mathalani kuendesha siasa za dini au kabila. Au mwenendo wake uwe unadhalilisha kiti cha Rais. Hiyo ya tatu ni pana kama uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na hakuna aliyewahi kuipima.

Kisha saini. Zinatakiwa za wabunge wasiopungua asilimia 20 ya wabunge wote, kwenye taarifa ya maandishi inayotaja makosa na kupendekeza iundwe Kamati Maalum ya Uchunguzi. Taarifa inamfikia Spika siku 30 kabla ya kikao. Spika akishajiridhisha kwamba masharti yametimia, mtoa hoja anaruhusiwa kuiwasilisha, na hapo hapo Bunge linapiga kura BILA MJADALA. Ili kamati iundwe, wanatakiwa theluthi mbili ya wabunge wote.

Ikipita, Rais anahesabiwa hayupo kazini. Kazi zake zinashikwa kwa utaratibu wa ibara ya 37(3), na wa kwanza kwenye orodha hiyo ni Makamu wa Rais. Kamati ina watu tisa: Jaji Mkuu ndiye Mwenyekiti, yupo Jaji Mkuu wa Zanzibar, na wajumbe saba walioteuliwa na Spika kwa uwiano wa vyama bungeni. Inaanza kukaa ndani ya siku 7 na kumaliza ndani ya siku 90, na lazima impe Rais nafasi ya kujieleza. Ripoti inarudi bungeni, inajadiliwa, Rais anajieleza tena, halafu inapigwa kura ya pili, theluthi mbili vile vile. Mashtaka yakithibitika anatakiwa ajiuzulu kabla ya siku ya tatu kwisha. Anakosa pensheni na marupurupu yote ya kustaafu, na ile kinga ya kutoshtakiwa ambayo marais wastaafu wanabaki nayo, yeye haimhusu.

Hoja ikikataliwa, nyingine kama hiyo hairuhusiwi mpaka ipite miezi 12.

Karibuni, ila tuje na vifungu. Matusi mpeleke kwingine.

Mangi wa Kiborloni (Moshi)

Shukrani mzee wangu. Nirekebishe hilo la Kenya, maana huku Moshi nako limekuzwa kupita kiasi. Aliyeondolewa, Rigathi Gachagua, alikuwa NAIBU Rais. Rais hajawahi kuondolewa kwa njia hiyo Kenya. Hoja iliingia tarehe 1 Oktoba 2024, wananchi wakasikilizwa kaunti kwa kaunti, tarehe 8 Bunge la Taifa likapiga kura 281 kwa 44, tarehe 17 Seneti ikathibitisha mashtaka matano kati ya kumi na moja. Bunge lao la Taifa lina watu 349, kwa hiyo theluthi mbili ni 233. Walipita kwa kura 48 za ziada.

Sasa angalia kura 281 zimetoka wapi. Wabunge wa Rais William Ruto walikuwamo, na wa ODM ya Raila Odinga, ambao katikati ya mwaka huo walikuwa wameingiza watu wao kwenye Baraza la Mawaziri, wakapiga kura upande huo huo. Mtu hakuanguka kwa sababu ushabiki wa vyama ulipungua. Alianguka kwa sababu bosi wake alimtenga na mpinzani mkuu akawa upande wa bosi. Ingekuwa ni Rais mwenyewe, zile 281 zisingeonekana.

Chalii wa Sakina (Arusha)

Wakuu, tatizo letu ni ushabiki wa Simba na Yanga tu. Mbunge anaona kosa kabisa, lakini kwa kuwa jezi ni moja anapiga makofi. Elimu ya uraia ingetosha.

Bi Hansadi

Chalii, huo mfano kila mtu anautumia na haufai. Shabiki wa Yanga akiamka kesho anaishangilia Simba, hapotezi mshahara, gari wala jimbo. Mbunge wa Tanzania anapoteza. Fungua ibara ya 71(1)(e): mbunge anakoma kuwa mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo wakati alipochaguliwa au kuteuliwa. Ongeza na ibara ya 67, inayotaka mgombea awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Mlango wa kuingilia ni wa chama na wa kutokea ni wa chama. Hapo unamwelimisha nani uraia? Mbunge anaujua uraia kuliko mimi na wewe. Anachokijua zaidi ni kwamba Kamati Kuu ikimfukuza uanachama Jumatatu, Jumanne hana kiti.

Na hata wasipomfukuza, miaka mitano haiko mbali. Kura za maoni zinafika, jina linakwenda vikao vya juu, linakatwa. Nyie watu wa Arusha mna mfano wa hapo Monduli: Edward Lowassa, pamoja na uzito wake wote, jina lake lilikatwa Dodoma Julai 2015. Kama lilikatwa la Waziri Mkuu mstaafu, mbunge wa viti maalum atajificha wapi?

Mpiga Hesabu

Tuweke namba mezani. Nachukua Bunge la 12, lile la uchaguzi wa 2020, kwa sababu hesabu zake zinajulikana. Likijaa lilikuwa na viti 393: majimbo 264, viti maalum 113, watano kutoka Baraza la Wawakilishi Zanzibar, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na 10 wa kuteuliwa na Rais.

Asilimia 20 ya 393 ni 78.6, kwa hiyo saini 79. Theluthi mbili ni 262.

CCM ilichukua majimbo 256 kati ya 264. ACT-Wazalendo manne, CUF matatu, Chadema moja. Viti maalum CCM 94, Chadema 19. Upinzani wote ukiwakusanya, jimbo na viti maalum, ni 27. Ili hoja IPOKELEWE tu na Spika zinahitajika saini 52 za wabunge wa CCM. Ili kamati iundwe unahitaji wabunge 235 wa CCM wapige kura ya kumsimamisha kazi mtu ambaye ndiye Mwenyekiti wa chama chao, anayeongoza vikao vile vile vinavyokata majina.

Halafu ile kamati. Wajumbe saba kwa uwiano: 7 mara 27 gawanya kwa 393 unapata 0.48. Upinzani kwa hesabu kali haufikishi hata mjumbe mmoja, labda Spika awakadirie juu kwa hisani.

Na kosa moja naliona kila mahali mtandaoni. Watu wanahesabu theluthi mbili ya waliohudhuria. Katiba inasema theluthi mbili ya wabunge WOTE. Aliyelala hotelini Dodoma, aliye safarini, aliye hospitali, wote hao ni sawa na waliopiga kura ya hapana. Chama hakina haja ya kumshawishi mbunge apinge. Kinamwambia asije.

Mangi wa Kiborloni

Hilo la mwisho la Mpiga Hesabu lilitokea Korea Kusini wazi wazi. Rais Yoon Suk Yeol alitangaza sheria ya kijeshi usiku wa tarehe 3 Desemba 2024. Tarehe 7 hoja ikaja bungeni. Bunge lao ni viti 300, zinatakiwa 200. Wabunge wa chama tawala karibu wote walitoka ukumbini, waliobaki wakawa 195, na kura hazikuhesabiwa hata moja. Wiki moja baadaye, tarehe 14, chama kikawataka wabaki na kupinga, lakini kumi na wawili hivi walijitenga na hoja ikapita kwa 204 dhidi ya 85. Mahakama ya Katiba ikamwondoa rasmi tarehe 4 Aprili 2025, majaji wote wanane.

Ni kura chache sana zilizobadilika. Ila kule mbunge aliyejitenga hakupoteza kiti chake. Hapo ndipo penye tofauti na sisi.

Wakili wa Mianzini (Arusha)

Nakubaliana na Bi Hansadi juu ya 71(1)(e), lakini kifungu hicho hakijitekelezi. Katikati yupo Spika. Linganisheni matukio mawili. Julai 2017 wabunge wanane wa viti maalum wa CUF walifukuzwa na upande mmoja wa chama kilichokuwa kimegawanyika. Viti vyao vikatangazwa wazi ndani ya siku chache. Novemba 2020 Chadema ikawavua uanachama wale wabunge 19 wa viti maalum. Hao wakabaki bungeni, shauri likaenda mahakamani, miaka ikapita. Kifungu ni kile kile. Panga la 71(1)(e) limeshikwa na chama, ila ala yake iko kwa Spika.

Sasa rudini kwenye 46A. Nani anayepokea saini? Spika. Nani anajiridhisha kwamba masharti yametimia? Spika. Nani anateua wale saba? Spika. Na Spika naye anatoka wapi? Mnakumbuka Januari 2022, marehemu Job Ndugai alipojiuzulu uspika baada ya kauli yake juu ya mikopo ya Serikali. Barua yake aliipeleka kwa Katibu Mkuu wa chama chake. Mkuu wa mhimili mzima, barua inakwenda ofisi ya chama! Sisemi alikosea au alipatia. Nasema barua hiyo inakuonyesha mamlaka ya mwisho iko chumba gani.

Jambo jingine la kiufundi ambalo vijiweni halisemwi. Kizingiti kizito kwetu kimewekwa MWANZONI, kabla ushahidi haujasikilizwa. Marekani, Baraza la Wawakilishi linashtaki kwa wingi wa kawaida tu, na theluthi mbili inasubiri hukumu ya Seneti. Maana yake mashtaka yanasomwa hadharani, mashahidi wanaonekana, halafu ndipo watu wanahesabiana. Kwetu unatakiwa uwe na theluthi mbili ili upate ruhusa ya kuchunguza, na kura hiyo haina mjadala. Mbunge wa chama tawala anaambiwa aungane na wapinzani kumsimamisha Rais kwa madai ambayo bado hayajachunguzwa na mtu yeyote. Hata mwenye moyo mweupe kabisa anayo sababu ya heshima ya kukataa.

Msomaji wa Karanga (Moshi)

Wakili, naomba nikuulize, ibara ndogo ya (9) unaisomaje? Mimi naiona ina shimo. Inasema kwa kura zisizopungua theluthi mbili Bunge litapitisha azimio *ama* kwamba mashtaka yamethibitika *au* kwamba hayakuthibitika. Ikitokea wa "yamethibitika" ni asilimia 55 na wa "hayakuthibitika" ni 45, azimio lipi limepita? Na Rais alishahesabiwa hayupo kazini mpaka Spika amfahamishe azimio la Bunge.

Wakili wa Mianzini

Umeshika penyewe. Kwa usomaji wa neno kwa neno, hakuna azimio lililopita, na Rais yuko njia panda: hajaondolewa, hajarudi. Kwa usomaji wa busara utasema kushindwa kufikisha theluthi mbili ni kutothibitika, arudi kazini. Mimi ningetetea huo wa pili mbele ya jaji, ila ni jambo la kuandika vizuri kabla halijatokea.

Sehemu moja waandishi wa 1992 walikuwa macho kweli kweli. Ibara ya 90(2) inambana Rais asivunje Bunge ovyo, lakini ndani ya miezi 12 ya mwisho ya uhai wa Bunge inamlegezea. Hapo hapo wakaweka mpaka: ruhusa hiyo haipo iwapo Spika ameshapokea taarifa rasmi ya 46A. Wangeacha hilo, Rais anayesikia saini zinakusanywa mwaka wa tano angevunja Bunge kabla siku 30 hazijatimia.

Chalii wa Sakina

Nimekubali, nafuta Simba na Yanga. Lakini basi si tuseme ukweli, hii 46A ni pambo? Haijawahi kutumika na haitatumika.

Bi Hansadi

Haijawahi. Ila usikimbilie kusema pambo. Tazama viongozi wakubwa walioondoka kabla ya muda na uulize waliondokea chumba gani. Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Muungano, aliachia vyote Januari 1984 kwenye Halmashauri Kuu ya CCM, Dodoma. Hakuna Baraza la Wawakilishi lililompigia kura. Hiyo ndiyo maana halisi ya *chama kushika hatamu*, na hatamu hazikuachiwa zote 1992.

Wazimbabwe nao walifanya vivyo hivyo. Novemba 2017 ZANU-PF ilimvua Robert Mugabe uongozi wa chama tarehe 19, hoja ya kumshtaki ikaingia bungeni tarehe 21, na siku hiyo hiyo akajiuzulu. Bunge lilitumika kama muhuri wa kitu ambacho jeshi na chama walishakimaliza. Afrika Kusini, ANC ilimwondoa Thabo Mbeki Septemba 2008 na Jacob Zuma Februari 2018, wote kwa kikao cha chama.

Kwa hiyo kifungu kina kazi. Kinakuwa na meno siku chama chenyewe kimegawanyika, na siku hiyo ndiyo kinatakiwa kiwe kimeandikwa vizuri, kisiwe na mashimo kama lile la Msomaji wa Karanga.

Mpiga Hesabu

Kwa Zuma kuna hesabu nzuri ya kuonyesha ushabiki unapungua kiasi gani mtu akipewa pazia. Juni 2017 Mahakama ya Katiba ilisema Spika ana mamlaka ya kuamua kura ya kutokuwa na imani iwe ya siri. Spika akaamua iwe siri, na tarehe 8 Agosti ikapigwa: 177 za kumwondoa, 198 za kumbakiza, 9 hawakuegemea upande. Viti 400, ANC ilikuwa na 249, wengine wote 151. Hata kama kila mpinzani alikuwepo na akapiga ya kumwondoa, bado angalau kura 26 zimetoka ndani ya ANC. Siri iliwatoa 26. Zilizohitajika ni 201.

Siri inasaidia lakini haifanyi muujiza. Na ina upande wake mbaya: mpiga kura wa Hai au Longido hajui mbunge wake amefanya nini. Pia kwenye giza hilo hilo bahasha hupita.

Mlinzi wa Mawenzi (Moshi)

Mnalaumu nidhamu ya chama kana kwamba ikiondoka tutapata malaika. Nendeni Peru. Vyama vyao ni dhaifu, vinazaliwa na kufa kila uchaguzi, na katiba ina sababu inayoitwa kutokuwa na uwezo wa kimaadili, ambayo ni binamu wa hiyo yetu ya "mwenendo unaodhalilisha kiti". Bunge lina wabunge 130, zinatakiwa 87. Rais Pedro Pablo Kuczynski alijiuzulu Machi 2018 akikabiliwa na hoja ya pili. Martín Vizcarra akaondolewa Novemba 2020 kwa kura 105. Pedro Castillo Desemba 2022 kwa kura 101, baada ya yeye mwenyewe kujaribu kulivunja Bunge. Dina Boluarte Oktoba 2025. Hiyo siyo uwajibikaji, hicho ni kibarua cha msimu. Rais asiye na chama imara anaishi kwa kuhonga kila kura.

Na Korea mnayoisifia, mwaka 2004 Bunge lilimshtaki Rais Roh Moo-hyun kwa kura 193 kwa 2 kwa sababu ya maneno ya kukipigia debe chama kuelekea uchaguzi wa wabunge. Wananchi wakakasirika, wakakipa chama chake ushindi kwenye uchaguzi wa Aprili, na Mei Mahakama ya Katiba ikamrudisha kazini. Ushabiki una pande mbili. Kuna wa kumlinda mkosaji na kuna wa kumng'oa asiye na kosa kubwa.

Wakili wa Mianzini

Mlinzi, hoja nzito. Lakini angalia kilichomwokoa Roh: baada ya Bunge kulikuwa na chombo kingine kinachopima kosa kwa sheria. Sisi Jaji Mkuu anaingizwa kwenye kamati, anachunguza, halafu hukumu inarudi kwa wabunge wale wale. Ni bora kuliko kukosa jaji kabisa. Ila ripoti ya majaji wawili na wabunge saba haina nguvu ya kulibana Bunge upande wowote.

Kibo Sita

Marekani mmeipita haraka. Ndiyo darasa la ushabiki. Rais Andrew Johnson 1868: kura za Seneti za kumtia hatiani 35 kwa 19, ilipungua moja tu, na waliomwokoa ni maseneta saba wa Republican waliokwenda kinyume na chama chao. Richard Nixon 1974: kamati ya sheria ilipitisha shtaka la kwanza 27 kwa 11, sita kati ya hao 27 wakiwa wa chama chake, naye akajiuzulu tarehe 9 Agosti kabla Baraza zima halijapiga kura. Ukifika Donald Trump, mara ya kwanza, Februari 2020, seneta mmoja tu wa chama chake, Mitt Romney, alimtia hatiani. Mara ya pili, Februari 2021, ikawa 57 kwa 43, saba wa chama chake wakiwa ndani ya 57. Zilitakiwa 67.

Kule hakuna ibara ya 71(1)(e). Mbunge akigeuka kiti kinabaki chake. Lakini wale wabunge 10 wa Republican waliopiga kura ya kumshtaki Januari 2021, baada ya uchaguzi wa 2022 waliorudi ni wawili. Wanne hawakugombea, wanne waliangushwa kwenye kura za maoni za chama chao. Ile adhabu ya Bi Hansadi ya kukatwa jina ipo kule pia, tofauti ni kwamba kule anayekata ni mwanachama wa kawaida kwa sanduku, siyo kikao.

Msomaji wa Karanga

Nasi watu wa Moshi tulishafanya la kwetu kabla ya Katiba zote hizi. Thomas Marealle wa Marangu alichaguliwa kwa kura kuwa Mangi Mkuu, yaani mtawala wa Wachaga wote, mwaka 1951, akipigiwa debe na chama cha wananchi wa Kilimanjaro, KCCU. Mwaka 1960 Wachaga wakapiga kura tena, safari hii kukiondoa cheo chenyewe na kuweka rais wa kuchaguliwa kwa muda, na nafasi ikaenda kwa Solomon Eliufoo wa Machame, aliyekuwa na chama chake cha Chagga Democratic Party. Umarangu na Umachame ulikuwamo, tusidanganyane. Ila waliouliza na waliojibu walikuwa wapiga kura wenyewe. Kwenye 46A mpiga kura hayumo hata mstari mmoja.

Bi Hansadi

Hapo umefungua mlango mzuri, na jengo lenyewe liko hapo Arusha. Mgombea huru, yaani asiye na chama. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu 1994. Bunge likabadilisha Katiba mwaka huo huo kuziba njia. Akashinda tena Mahakama Kuu 2006. Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo si la mahakama kuamua, ni la kisiasa. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikaamua kwamba kumzuia mgombea huru kunavunja Mkataba wa Afrika. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba nayo ilimweka mgombea huru. Mpaka leo ibara ya 67 iko vile vile.

Kama unataka 46A ifanye kazi, usianze kushusha theluthi mbili. Peru inatuonya. Anza kwenye 67 na 71(1)(e). Mbunge afukuzwe chama, abaki na kiti mpaka wapiga kura wa jimbo lake waamue. Halafu kura ya kuunda kamati ishuke iwe nusu, ile ya hukumu ibaki theluthi mbili.

Mlinzi wa Mawenzi

Na ukiacha 71(1)(e) utarudisha biashara ya kununua wabunge. Mmesahau enzi za "kuunga mkono juhudi", wabunge wa upinzani walipokuwa wanahamia CCM?

Bi Hansadi

Sijasahau, kaka. Wale walihama kifungu kikiwepo! Walijiuzulu, chama walichohamia kikawapitisha, wakarudi kwa uchaguzi mdogo uliolipiwa na kodi. Kifungu hakikuzuia kununuliwa. Kilizuia kupinga ukiwa ndani.

Mpiga Hesabu

Naongeza mfano wa ndani unaoonyesha saini peke yake zinaweza kufanya nini. Aprili 2012 Zitto Kabwe alikusanya saini za hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda, chini ya ibara ya 53A. Kizingiti cha saini ni kile kile, asilimia 20, ila taarifa ni siku 14 na kura ni nusu tu. Saini zikavuka 70, za wabunge wa CCM zikiwamo. Hoja haikufika kwenye kura. Mapema Mei Rais Kikwete akapangua Baraza la Mawaziri. Na Februari 2008 Lowassa aliondoka bila kura yoyote ya kutokuwa na imani, kwa ripoti ya kamati teule juu ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, iliyoongozwa na mbunge wa CCM, Harrison Mwakyembe. Chama kilikuwa na wingi mkubwa bungeni. Kilichofanya kazi ni uchunguzi kuruhusiwa kwanza, namba baadaye.

Chalii wa Sakina

Swali la mwisho wakuu, nisiwachoshe. Tuseme yote yametimia, Rais kaondoka siku ya tatu. Tunaenda uchaguzi?

Mzee wa Kaloleni

Hapana, mwanangu. Ibara ya 37(5): Makamu wa Rais anaapishwa kumalizia kipindi kilichobaki. Kisha anashauriana na chama chake, anapendekeza jina la Makamu mpya, na Bunge linalithibitisha kwa kura zisizopungua nusu. Utaratibu huo tumeuona ukitumika Machi 2021, baada ya kifo cha Rais Magufuli. Mama Samia aliapishwa tarehe 19. Tarehe 30 jina la Philip Mpango likapelekwa bungeni, likapigiwa kura siku hiyo hiyo. Zilipigwa 363, na zote zilikuwa za ndiyo.